Sentimita 9 za Ukuta: Uhakiki wa Umbo la Kabini ya Ndege

Ukuta unaomtenga abiria wa Bombardier Q400 na anga la nje una unene wa kama sentimita 9. Kipenyo cha nje cha mwili wa ndege hiyo ni mita 2.69, na upana wa kabini kutoka paneli ya kushoto hadi ya kulia ni kama mita 2.5. Kinachobaki, kikigawanywa kwa pande mbili, ndiyo nafasi yote aliyoachiwa mhandisi wa sauti. Humohumo hupita nyaya, mabomba ya hewa na mbavu zinazobeba mwili wa ndege. Ukimya hutafutiwa mahali baada ya hivyo vyote kukaa.

Nataka kuusoma ukuta huo kama mhakiki anavyosoma kazi iliyotungwa, na nianzie kwenye fani. Maudhui yake hayana utata: kelele ibaki nje, watu wazungumze ndani bila kupaza sauti. Fani ndiyo yenye mambo. Ukuta huu ni silinda, silinda yenye matabaka, na matabaka hayo yana mfuatano, yana nafasi kati yake, na yana mahali yanapogusana. Ninavyouelewa, utulivu wa kabini unatokana na mpangilio huo zaidi kuliko wingi wa vitu vilivyoshindiliwa ukutani. Pale ukuta unaposhindwa, kasoro huwa katika umbo kabla ya kuwa katika malighafi.

Nimechagua Q400 kwa sababu wasafiri wengi wa Afrika Mashariki wanaijua kwa masikio yao. Air Tanzania ilizipokea mbili za mwanzo Septemba 2016, Jambojet ya Kenya huzirusha katika safari za ndani, na watu huziita ndege za pangaboi. Mabawa yake yako juu ya mwili, na chini ya kila bawa kuna injini ya PW150A inayozungusha rafadha yenye mapanga 6 na kipenyo cha mita 4.1. Kwa mhakiki hii ni bahati, maana kelele yake kuu ina chanzo kinachoonekana kwa macho na kuhesabika kwa kalamu.

Nianze na duara. Hakuna aliyechagua mwili wa ndege uwe duara kwa ajili ya sauti. Umbo hilo liliamuliwa na shinikizo la hewa. Ndege ikiwa juu, hewa ya kabini husukuma kuta kutoka ndani kwa nguvu kuliko hewa nyembamba ya nje. Ukuta bapa ungebenuka. Ukuta wa duara huigeuza nguvu hiyo kuwa mvuto unaosambaa sawasawa katika ngozi yote, na ndiyo sababu ngozi ya alumini yenye unene wa milimita moja na ushei inatosha kuzuia kile ambacho ukuta wa umbo jingine ungehitaji chuma kizito kukizuia. Sikio limerithi umbo lililotungwa kwa ajili ya mapafu.

Umbo hilo lina tabia yake mbele ya sauti, na tabia hiyo haimo katika bamba bapa. Ukilisukuma bamba bapa, linapinda tu. Ukiisukuma ngozi ya silinda kwa taratibu, haiwezi kupinda bila pia kuvutika au kubanwa kuzunguka duara lake, na kuvutika ni kazi ngumu zaidi. Kwa hiyo kwa sauti nzito, zile zenye mitikisiko michache kwa sekunde, mviringo wenyewe ni ngao. Kwa sauti nyembamba mno ngozi haina habari kwamba imepindishwa: kila kipande kidogo hujibu kama kingekuwa bapa. Katikati ya tabia hizo mbili kuna mahali pa hatari. Mawimbi husafiri ndani ya alumini kwa kasi ya kama mita 5,100 kwa sekunde. Mzingo wa Q400 ni kama mita 8.45. Gawanya, upate takriban hezi 600, yaani mitikisiko 600 kwa sekunde. Katika masafa hayo wimbi moja linaenea mzingo mzima kamili, na pete yote ya ngozi inaweza kupanuka na kusinyaa kwa pamoja kama kifua kinachopumua. Hapo ukuta huipisha sauti kirahisi.

Hezi 600 si mahali pa pembeni. Ni katikati kabisa ya masafa ambamo irabu za usemi wetu hukaa. Sasa tazama Boeing 787, ambayo mwili wake una upana wa mita 5.77. Mzingo unapita mita 18, na mahali pale pa hatari hushuka hadi karibu na hezi 300. Ndege kubwa inapewa nafasi zaidi ya kuweka matabaka, lakini inahamisha udhaifu wake kuelekea sauti nzito, ambazo matabaka hayahaya hayaziwezi. Ndiyo maana suluhisho la ndege moja halihamishiwi kwenye nyingine kwa kukuza vipimo tu.

Haya yote yanatoka katika nadharia yenye historia ya kuheshimika. Mwaka 1957 P. W. Smith alichapisha hesabu za sauti inayopita kwenye ganda jembamba la silinda. Mwaka 1976 L. R. Koval aliichukua silinda hiyo akaiweka katika hali ya safari: upepo ukipita nje, shinikizo likisukuma kutoka ndani, hewa ya nje ikiwa nyepesi kuliko ya ndani. Baadaye akaongeza maganda yaliyoundwa kwa matabaka ya nyuzi. Nazithamini kazi hizi kwa sababu ziliuliza swali la umbo moja kwa moja: mviringo unafanya nini kwa sauti?

Lakini silinda yao haina mwisho. Haina pua wala mkia, haina dirisha, haina mlango, na ndani yake hakuna sakafu. Sauti ikishaingia huchukuliwa kuwa inaelekea katikati na kupotelea huko, bila kurudi na kugonga ukuta wa upande wa pili. Sakafu ndiyo inayonisumbua zaidi. Katika ndege halisi sakafu inalikata duara. Chini yake kuna nafasi ya mitambo na mizigo, juu yake kuna abiria, na mahali sakafu inapojifunga kwenye mbavu, mtikisiko hupata daraja la kuvukia. Tena ngozi halisi haijaachwa wazi: imegawanywa na mbavu za mviringo na mihimili ya urefu katika vipande vingi vidogo vya mstatili, na kila kipande kina mitikisiko yake. Lile bonde kali la hezi 600, yaani mshuko wa kinga ya ukuta katika mchoro wa nadharia, hutawanyika katika ndege halisi. Halifutiki, ila kingo zake hulegea, na anayelitafuta kwa kipimo anakuta mabonde madogomadogo mengi. Nadharia hapa inaweza kufanya kile ambacho muhtasari mzuri wa riwaya hufanya: inaonyesha msuko, haionyeshi sentensi.

Tuje kwenye sentensi, yaani matabaka yenyewe, kutoka nje kwenda ndani.

La kwanza ni ngozi. Kanuni ya zamani ya ukuta mmoja inasema kwamba ukiongeza uzito wake maradufu, unapata punguzo la desibeli 6. Ukipanda maradufu katika masafa, unapata desibeli 6 nyingine. Bamba la alumini la milimita 1 lina kilo 2.7 kwa kila mita ya mraba. Sauti ya hezi 1,000 inayoligonga uso kwa uso hupungua kwa kama desibeli 27. Sauti ya hezi 85 hupungua kwa kama desibeli 5 tu. Kwa mhandisi wa ndege kanuni hii haina faraja, kwa kuwa kuongeza uzito maradufu ni kitu asichoruhusiwa kufanya. Kila kilo ya ukimya ni kilo iliyoondolewa kwenye mzigo au mafuta.

Tena kuna kelele ambayo haiji kama sauti. Ndege inapokwenda kasi, hewa iliyo karibu na ngozi huchafuka na kuipigapiga kwa vishindo vidogo visivyo na mpango. Aliyekaa chini ya paa la bati wakati wa mvua analijua jambo hili: kelele haikusafiri kutoka mawinguni ikapenya bati, bali bati lenyewe ndilo linalolia. Kwa kelele ya namna hiyo swali si kuizuia sauti isipite. Swali ni kuinyima ngozi nafasi ya kulia.

Kazi hiyo vimepewa vipande vinavyobandikwa upande wa ndani wa ngozi, kati ya ubavu na ubavu. Kwa mtazamo wa kwanza ni stika tu: gundi laini yenye asili ya mpira, na juu yake karatasi nyembamba ya alumini. Umbo lake ndilo linalofanya kazi. Ngozi ikipinda, karatasi ya juu inakataa kupinda sawa nayo, na ule ulaini uliobanwa katikati husuguliwa huku na huku hadi nguvu ya mtikisiko inageuka joto. Ukiibandika gundi ileile bila karatasi juu yake, itavutika pamoja na ngozi na kufanya kazi ndogo mno. Malighafi ni ileile. Kubanwa ndiko kunakoleta tofauti. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa umbo kuitangulia malighafi.

Kisha blanketi: nyuzi za kioo nyembamba kuliko unywele, zimetiwa kwenye mfuko wa plastiki mwembamba na kupachikwa baina ya mbavu. Hewa inayotikisika ikipenya katikati ya nyuzi husuguana nazo na kuchoka. Lakini blanketi hili lina majukumu ambayo nadharia ya sauti haiyataji. Huzuia baridi. Hukusanya unyevu wa pumzi za abiria unaoganda kwenye ngozi, na likilowa huwa mzigo. Tena linaweza kuwaka. Swissair 111 ilipoanguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada, tarehe 2 Septemba 1998 na kuua watu wote 229, uchunguzi ulionyesha kwamba moto ulisambaa kwa kutumia ule utando wa plastiki uliopakwa metali, ambao ulifunika mablanketi hayo. Tangu hapo tabaka hili haliwezi kuhukumiwa kwa sikio peke yake, na anayesifu blanketi fulani kwa desibeli zake bila kueleza linavyokabili moto amesoma nusu ya ukurasa.

Baada ya blanketi kuna pengo la hewa, na baada ya pengo kuna paneli ya ndani, ile abiria anayoegemeza kichwa. Hapa ndipo ukuta unapokuwa wa kuta mbili, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Chukua ngozi ya kilo 2.7 kwa mita ya mraba, paneli ya kilo 1.5, na sentimita 8 za hewa kati yake. Hewa hiyo ni springi. Ngozi na paneli ni vitu viwili vizito vilivyoshikamana kwa springi, na kama uzito wowote uliofungwa kwenye springi, vina masafa yake ya kupenda: kwa vipimo hivi, takriban hezi 200. Chini ya hapo springi ni ngumu mno kwa mwendo wa taratibu, na kuta mbili huenda kama ukuta mmoja. Hapohapo zinaitikiana, na ukuta wa matabaka mawili unaweza kuwa dhaifu kuliko ngozi ikiwa peke yake. Juu ya hapo ngozi hutikisika na paneli hubaki nyuma. Ukuta mmoja ungeongeza desibeli 6 kila masafa yanapopanda maradufu. Kuta mbili, katika hesabu safi, huongeza 18. Faida hiyo imenunuliwa kwa hewa, kitu kisicho na uzito wa kuhesabika. Katika ukuta mzima, tabaka linalolipa zaidi kwa kila gramu ni lile ambalo halina kitu ndani yake.

Pengo huharibiwa na mguso. Mwaka 1996 J. Stuart Bolton na wenzake walichunguza mabamba mawili yenye povu laini kati yake na kulinganisha namna za kuunganisha: povu likiwa limegundishwa pande zote mbili, upande mmoja, au likiachwa bila kushikana na upande wowote. Povu lililogundishwa pande zote liligeuka njia: mtikisiko ulipanda juu ya kiunzi chake kutoka bamba la kwanza hadi la pili bila kuihitaji hewa. Nafasi nyembamba ya hewa kati ya povu na bamba ilitosha kuubadilisha ukuta kuwa ukuta mwingine kwa sehemu kubwa ya masafa ya usemi. Matabaka yaleyale, kwa mfuatano uleule, na uzito uleule.

Katika ndege kugusana hakukwepeki, kwa sababu lazima paneli ishikwe na kitu. Kitu hicho ni ubavu. Ukiiondoa paneli moja pembeni ya dirisha utaona kishikizo kidogo kilichofungwa kwenye ubavu wa alumini, na ndani ya tundu lake pete ya mpira isiyozidi ukubwa wa kitufe cha koti. Kila kitu nilichokisifu hapo juu kinategemea pete hiyo. Ikiwa laini, paneli inaelea. Ikikauka na kuwa ngumu kwa umri, au fundi akikaza skrubu hadi mpira ukabanwa kabisa, ubavu unaishika paneli moja kwa moja na pengo linabaki la kuonekana tu. Ukaguzi wa kabini unapaswa kuzishika pete hizi moja moja, na sidhani ni kazi ndogo ya kumwachia mtu mwenye haraka.

Kuhusu 787 nitasema kwa kifupi. Mwili wake umeundwa kwa nyuzi za kaboni, sehemu kubwa zikitengenezwa kama mapipa mazima badala ya vipande vilivyopigwa ribiti, na kwa nguvu ni kazi ya kupendeza. Kwa sauti umbo hilo lina gharama. Lothar Cremer alieleza mwaka 1942 kwamba kila bamba lina masafa ambayo mawimbi ya kupinda ndani yake hukimbia sawa na mawimbi ya hewa, na hapo sauti hupita kama mlango umefunguliwa. Kwa alumini ya milimita 1 masafa hayo yako karibu na hezi 12,000, mbali na usemi. Kwa ngozi ya kaboni iliyo nene na kakamavu kwa uzito wake, hushuka hadi hezi elfu chache. Wepesi na ukakamavu, sifa mbili ambazo mhandisi wa muundo huzitafuta usiku na mchana, ndizo ambazo mhandisi wa sauti huziogopa zikija pamoja. Kabini ya 787 ni tulivu licha ya ngozi yake. Utulivu huo unatokana na injini zilizo kimya zaidi na kazi ya matabaka ya ndani.

Narudi kwenye pangaboi, maana humo ndimo hoja yangu inapojaribiwa kweli. Rafadha ya Q400 huzunguka mara 850 kwa dakika katika mwendo wa safari. Mapanga ni 6. Kwa hiyo upande wa ndege hupigwa mara 85 kwa sekunde. Wimbi la hezi 85 hewani lina urefu wa kama mita 4. Blanketi la nyuzi huanza kufanya kazi ya maana likiwa na unene unaokaribia robo ya wimbi, yaani mita nzima. Tunazo sentimita 9. Masafa ya kuitikiana ya ngozi na paneli yako juu ya hapo, kwa hiyo kuta mbili zinaenda kama moja. Uzito hausaidii. Mviringo, ambao ungekuwa ngao kwa sauti nzito kama hii, umekatwakatwa na sakafu, madirisha na milango. Sauti ya pili katika mfululizo wa rafadha ni hezi 170, na hiyo inakaribia kabisa pale matabaka ya mfano wangu yanapoitikiana. Kila sifa ya umbo niliyoitaja inakosa nguvu mbele ya noti hii moja.

Kilichofanyika ni kuliacha umbo jinsi lilivyo na kuongeza utendaji. Tangu 1996 ndege za aina ya Dash 8 zilianza kutoka kiwandani na mfumo wa kupunguza kelele na mitikisiko, na herufi Q katika majina yao ilitokana na utulivu huo. Wazo lenyewe ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza ya Marekani mwaka 1936 kwa ajili ya kuifuta sauti kwa sauti iliyo kinyume chake. Katika Q400 maikrofoni zilizofichwa kabini husikiliza, kompyuta huhesabu, na vitikisio vidogo hutikisa mwili wa ndege kwa kinyume cha kipigo cha rafadha, ili jumla ya viwili ishuke. Inawezekana kwa sababu rafadha hujirudia. Kipigo kijacho kinajulikana kabla hakijafika. Upepo unaoisugua ngozi haujirudii, na mfumo huu hauna la kuufanya.

Nimekitafakari sana kipengele kimoja cha mfumo huo, nacho ni mahali vitikisio vinapofungwa. Vimefungwa kwenye mbavu. Ni mbavu zilezile zinazoishika ngozi kwa upande mmoja na paneli kwa upande mwingine, zile nilizozilaumu kwa kulivusha pengo. Mtunzi wa ukuta huu alijua kwamba mtikisiko mzito unapita hapo, akaamua kupeleka jibu lake kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa ndiyo pekee inayolifikia duara lote kwa haraka na kwa uzito mdogo. Naliona hilo kuwa uamuzi bora kuliko yote katika zile sentimita 9. Lina sharti lake: rubani akibadilisha mzunguko, kama wakati wa kupaa ambapo rafadha huenda mara 1,020 kwa dakika, noti inapanda hadi hezi 102 na hesabu lazima ifanywe upya papo hapo. Na abiria aliyekaa safu inayokabiliana na rafadha, ambaye noti ile imepungua masikioni mwake, sasa anasikia vizuri zaidi mvumo wa upepo kwenye ngozi na hewa ya kiyoyozi juu ya kichwa, kelele ambazo bado zinategemea blanketi, pengo na ile pete ya mpira.